Naogopa, Nimeshika Tawi

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Na kama binti yako yuko jikoni, mwite aje asikie.

Tunamkumbuka Mwanamina Nasor, msusi wa mikeka wa Mambrui. Mwanamina alifariki wiki iliyopita katika mafuriko ya mto Sabaki. Ameacha mama yake mzazi, Bi Raiya, na binti mmoja, Nahla, wa miaka kumi na sita.

Kwetu pwani wahenga wametufunza kwamba jambo la shari halitajwi. Kulitaja ni kuliita. Bi Raiya hakuwa na mzaha katika hilo, na Mwanamina alikua akiimeza hofu yake, akiimeza, mpaka siku moja ikamshinda.

Siku hiyo Nahla alikuwa mdogo. Moto ulishika makuti ya jirani, ukarukia paa lao. Mwanamina alitoka uani akipiga mayowe na kujigaragaza mchangani. Nahla alikuwa ameshafika mlangoni. Hakutoka. Alirudi ndani akajificha chini ya kitanda. Jirani mmoja aliingia akamvuta miguu, makuti yanadondoka yakiwaka. Baadaye mtoto alisema alimwona mama yake analia vile, akadhani huko nje ndiko kubaya zaidi.

Maneno hayo yalimtisha Mwanamina kuliko moto wenyewe. Tangu hapo alibadilika. Akiogopa, aliketi chini, akamwambia mwanawe, "Naogopa." Kisha akajiuliza kwa sauti mikono yake inaweza kufanya nini. Majirani walimcheka. Bi Raiya alimkanya asimfundishe mtoto woga. Lakini si wahenga hao hao waliosema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake?

Sasa wiki iliyopita. Mama na binti walikwenda shambani kando ya Sabaki kuwafungua mbuzi. Maji yakawazunguka. Mwanamina akateleza, bega likateguka. Walipanda mkwaju, na maji nayo yakapanda, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo. Nahla anasema gogo moja lilikuwa na macho.

"Mama aliniambia, naogopa, mwanangu," Nahla ametusimulia. "Nikamwambia, na mimi. Akaniuliza, mikono yako yaweza nini? Nikasema, yaweza kufunga."

Leso ya Nahla ilishachukuliwa na maji. Iliyobaki ilikuwa ya mama. Mwanamina akamwamuru ajifunge nayo kwenye tawi, na hakutaka kubishiwa. Yeye alijishikilia kwa mkono mmoja mpaka mkono ukachoka. Nahla alimwona akienda.

Asubuhi yake, Kalama, mvuvi wa Ngomeni, alipita na wenzake kwa mashua wakitafuta watu. "Tulimsikia kabla hatujamwona," anasema Kalama. "Hakuwa akipiga kelele. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini alikuwa akisema, naogopa, nimeshika tawi. Naogopa, nimeshika tawi. Tukaifuata sauti."

Mwili wa Mwanamina ulipatikana, akazikwa Mambrui baada ya sala ya alasiri. Matangani, kina mama walimwambia Nahla ajikaze, sasa ni mtu mzima. Nahla akamgeukia bibi yake akasema anaogopa kulala, kila akifumba macho anasikia maji.

Bi Raiya, ambaye maisha yake yote hajapata kuitaja shari, alisogea karibu naye. Kisha akamshika mkono. "Hata mimi naogopa, mjukuu wangu. Njoo tulale pamoja."

Kwa Bi Raiya, kwa Nahla, na kwa watu wote wa Mambrui, poleni kwa msiba. Mola amrehemu Mwanamina na awape subira.

Mvua haijakatika, na mto bado umejaa. Ewe mama uliyemwita binti yako kutoka jikoni, usimwambie hakuna la kuogopa. Anaiona mvua. Mwambie unachoogopa, kisha mwonyeshe mikono yako.