Futa Hapo Palipoandikwa Mvumilivu

Ndugu, jamaa na wenzetu wa kazini, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Februari 1962, katika nyumba iliyo nyuma ya posta, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Wengi hapa mnamwita Mama Mashuka. Asili ya jina hilo mtaisikia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1980. Alitamani kuendelea. Mwalimu mkuu akamwandikia kwenye ripoti, "Ana maneno mengi," na mlango ukafungwa hapohapo. Hakuna aliyemuuliza maneno yenyewe yalihusu nini.

Mwaka 1984 aliajiriwa hospitalini kuwa karani wa mapokezi. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi saa, mwanamume ambaye kwa miaka thelathini na sita hakumkatiza mkewe akizungumza, na kwa aliyemjua marehemu, hiyo si kazi ya mchezo. Walijaliwa binti na mwana. Mwaka 1998 marehemu alipata cheti cha ushauri nasaha, akapewa chumba namba sita, kando ya dobi: viti viwili, kabati la mafaili, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia.

Mwaka 2019, akiwa na miaka hamsini na saba, alisikia habari za kundi la mtandaoni ambamo washauri wa nchi mbalimbali hujifunza pamoja tiba ya simulizi. Kwa wasioijua, ni kumsaidia mtu asimulie upya maisha yake, tatizo likae pembeni na yeye akae katikati. Fomu ya kujiunga ilitaka sahihi ya msimamizi. Alipoipeleka kwa mkuu wa kitengo cha ushauri pale hospitalini, aliambiwa, "Mama, kwa umri huu unatafuta nini huko? Si ujiandae kustaafu tu?" Hakutia sahihi. Jamani! Kalamu ilikuwa mkononi mwake! Marehemu akaijaza nafasi ile mwenyewe: "Hakuna anayenisimamia. Kuna watu wananisubiri nje ya mlango." Wakampokea.

Darasa la kwanza lilikuwa Jumanne tarehe 5 Machi 2019, saa nne asubuhi. Hakujua kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi saba zikamsikia akimfokea mtu wa dobi, "Wewe, weka chini hayo mashuka, nipo darasani!" Wakacheka hadi mwalimu akafuta machozi, na jina likamganda.

Huko alijifunza desturi moja aliyoishika hadi mwisho. Baada ya mazungumzo, mshauri humwandikia mtu barua kwa maneno ya mtu huyo mwenyewe, humsomea, na huyo anayesomewa ana haki ya kufuta. Aliandika barua mia mbili na kumi na saba. Watu walianza kufika mapokezi wakiulizia chumba namba sita.

Mwaka 2021 kitengo kilitoa kitabu kuhusu barua hizo. Picha ya jalada ni ya mkuu wa kitengo. Jina la mwandishi ni la mkuu wa kitengo. Marehemu, mshauri wa miaka ishirini na mitatu, ameshukuriwa ukurasa wa mwisho pamoja na "wahudumu wetu wa mapokezi." Alikwenda kumwona. "Bosi, barua hizi nimeandika mimi." Akajibiwa, "Kazi ni ya kitengo, mama." Na sisi wa nyumbani tukamwambia nini? Tulimwambia anyamaze, astaafu salama. Aibu yetu.

Alistaafu mwaka 2022. Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Mei mdogo wake, huyu anayewasomea sasa, aliandika wasifu huu na kumsomea kitandani, kama desturi ile inavyotaka. Alipofika penye "alikuwa mvumilivu, hakuwa na kinyongo na mtu," mgonjwa akainua mkono.

"Futa hapo."

"Dada, haya ni ya kusomwa mazishini."

"Mazishi ya nani?"

"Yako."

"Basi futa. Sikuvumilia, mlininyamazisha. Andika nilikasirika. Andika na kwa nini."

Mdogo wake alilia, akafuta, akaandika. Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, na wenzake arobaini na mmoja wa kundi lile, wanaotusikiliza sasa hivi kwenye simu aliyoishika binti yake. Ameondoka akiwa na hasira, na ameagiza isomwe hivyo mbele ya kila mtu, aliyeleta shada na asiyeleta.

Mama Mashuka, pumzika sasa, tena kwa amani. Hasira tuachie sisi, safari hii hatunyamazi.