Santuri ya Javan Imeenda Wapi?

Duka la santuri la Cephas, pale Migori mjini, lilifungwa mwaka wa tisini na sita, kaseti zilipoingia kama nzige. Spika ikashushwa, kufuli ikatiwa, Cephas akaondoka bila kuaga. Barazani likabaki benchi, birika la Rispa muuza kahawa, na wanaume wake wa kila alasiri: Waziri, ambaye hata kwa baraza la chifu hajawahi kuitwa, Maroa fundi viatu, na Nicholas, dereva wa lori mstaafu, aliyebandikwa jina Dunia-Nzima. Siku moja, miaka mingi baadaye, Rispa hakumimina. Alishika birika tu, akatoa lililomkaa rohoni.

— Santuri ya Javan wangu imeenda wapi? Marehemu mume wangu alipiga orutu, fidla yake ya uzi mmoja, kwa santuri hiyo moja tu. Aliniambia kwamba mwishoni kabisa mwa wimbo amenitaja mimi. Nataka kusikia kabla sijamfuata.

— Iko Homa Bay, Dani, nyanya yetu, akasema Waziri. Cephas ameoa huko kwa siri. Si unajua, mgeni njoo mwenyeji apone?

— Hiyo methali inaingia wapi sasa? akauliza Maroa.

— Ngoja, itaingia tu.

— Wacha uongo! akasema Maroa. Santuri zilienda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji wanaoshea mchanga juu yake, ile mistari inashika vumbi lake.

— Nyinyi watoto, akasema Dunia-Nzima. Mimi nimeona na macho yangu, huko mpakani. Tajiri mmoja alinunua zote akaezeka nyumba. Mvua ikinyesha, paa lote linaimba benga!

Rispa akacheka bila kupenda.

— Mimi sitaki paa, wazee. Nataka jina langu.

Waziri akatikisa kichwa.

— Lakini omera, ndugu yangu, ule wimbo! Javan akivuta ule uzi mmoja, hata mbuzi wa sokoni anasimama. Mimi hapo siwezi kuvumilia. "Cephas, simamisha!" Sindano inainuliwa, najisifu: "Mimi Waziri, simba wa Suna, ng'ombe yangu hainywi maji ya mabaki!"

— Na mimi nyuma yako, akasema Maroa. "Mimi mwana wa Kegonga, kiatu changu kinavuka Mto Kuja bila kulowa!"

— Na mimi je? Nilikuwa natangaza mpaka namba ya lori!

— Halafu Cephas, akasema Waziri, mtu wa watu, anarudisha sindano mwanzo, tusikose utamu.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Kando yao alikaa Lynnet, mwalimu aliyehamishiwa mjini wiki hiyo, mguu mmoja chini bila kiatu, akingoja Maroa amalize kushona.

— Samahani wazee wangu, akasema. Na huko mwishoni, Mzee Javan alikuwa anasemaje?

Dunia-Nzima akatazama barabara kama aliyesikia lori lake. Sindano ya Maroa ikasimama ndani ya ngozi.

Rispa akawaangalia mmoja mmoja, polepole, bila hasira.

— Miaka kumi na moja kabla ya duka kufungwa niliwamiminia kahawa hapa nje, nikingoja santuri ifike mwisho. Kila siku nilisema, wacha wafurahi, kesho wataiacha iishe.

Waziri akavua kofia.