Dada Yetu na Nyota Iliyonyamaza

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Akishafunga mlango, alirudi mara mbili kuutikisa, hadi baba akamtania, "Mwanangu, hata kitasa kitakuchoka."

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya fizikia akaajiriwa chuoni, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lililogoma kufungika. Alichunguza nyota za nyutroni: mabaki mazito ya nyota zilizolipuka, yanayonyonya gesi ya nyota wenza. Gesi hiyo ikianguka hupata joto kali na kutoa eksirei, nazo hupokewa na setilaiti, maana hazipenyi anga letu.

Mwaka 1990 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 alitangaza kwamba nyota moja ya aina hiyo ilipiga mapigo manne kila sekunde. Wiki chache baadaye ikafifia. Watafiti wengine wakasema huenda saa ya setilaiti ilikuwa na hitilafu. Hakubishana nao. Kila mwaka alirudia hesabu zake, zikatoka vilevile, lakini usingizi ulimpaa.

"Kama nimewapotosha watu je?" alimwuliza mumewe.

"Utasema umekosea, yaishe."

"Na nisipowahi kusema?"

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 2 Machi, dada akiwa wodini, nyota ile ikawaka tena. Mwanafunzi wake wa zamani, sasa mhadhiri, akaomba setilaiti mbili zielekezwe huko. Tulisubiri siku nne roho juu. Dada alihesabu matone ya dripu, akauliza kila saa kama simu ina chaji. Tarehe 6, saa nne asubuhi, ikaita.

"Mwalimu, mapigo yapo. Manne."

"Umehakiki saa?"

"Za vyombo viwili."

"Rudia."

Alasiri kijana akapiga tena: manne. Dada akageukia ukutani, akalala fofofo hadi kesho yake. Nesi alimgusa mara tatu kuhakikisha anapumua.

Alifariki tarehe 11 Machi. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu nasi ndugu zake wawili. Barua za waliomtilia shaka, wakikiri kwamba mapigo yapo, zilifika jana. Tumemsomea zote kando ya jeneza. Mola ampe pumziko jema.