Mla Panya Amesamehe

Benchi la BanaKasonde ni taruma la reli ya mgodini lililowekwa juu ya matofali, na hakuna aliyewahi kulikalia bila kubishana. Hapa kota za Luanshya, mji wa migodi ya shaba, mwaka huu ambao bei ya shaba imeporomoka na mafuta ya kupikia yamepotea madukani, mama huyo anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa kwa mizizi, ndoo nzima, na wateja wake hawana haraka ya kwenda popote. Jumamosi ile walikuwepo walewale. Kamati, mwenyekiti wa tawi, ambaye hata kikohozi chake anakipeleka kwenye mkutano. Waya, fundi redio, na redio yake mapajani. Askofu, aliyefukuzwa kwaya kwa ajili ya pombe lakini bado anabariki vikombe vya wenzake. Na huku mwisho wa taruma, mzee Jere, Mngoni, mwendesha winchi mstaafu, amechoka kupewa pole ambazo hakuziomba.

– Pole, mzee Jere, alianza Kamati. Kutukanwa nchi nzima si mchezo.

– Nani katukanwa?

– Jikaze tu, mzee. Tunajua inauma.

Chanzo cha pole zote hizo ni wimbo. Chilufya, kijana wa marehemu Kapambwe, Mbemba aliyekuwa rafiki wa Jere, ana bendi yake ya magitaa ya kelele inayoitwa Ngazi Nyeusi. Walitoa santuri, ikapigwa redioni siku chache, vijana wakapagawa, halafu ghafla kimya. Ikasemekana maneno yake yanachochea ukabila na kumtakia mzee kifo. Maneno yenyewe ni haya: "We mla panya, ondoka kaburini kwa baba; ukichoka kukaa, lala humohumo."

Mla panya ndiye Jere. Wabemba wanawaita Wangoni hivyo, na Wangoni wanawaita Wabemba wala kima, kwa kuwa ni watani tangu enzi za babu zao. Kapambwe alipokufa, Jere alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, akazuia jeneza lisishushwe. Alipaza sauti kwamba huyu mla kima amekufa makusudi ili zamu yake ya kununua pombe impite. Watu walilia huku wakicheka. Chilufya alicheka mpaka akapiga magoti, na kutokana na siku hiyo akatunga wimbo. Jere alipousikia mara ya kwanza alicheza peke yake jikoni. Rafiki yake alikuwa amekufa, lakini utani ulikuwa umepata mrithi, tena mwenye gitaa.

Sasa nenda ukawaeleze hayo watu wa benchi.

– Mimi nawaambia, panya si Jere, alisema Kamati. Panya ni wale wanaoficha unga wa mahindi stoo. Wimbo unasema ondokeni. Hiyo ni siasa, na haikupitia tawi langu.

– Acha zako, Waya alimkata. Shemeji yangu yuko mjini, anayajua mambo ya santuri. Ile ukiizungusha kinyumenyume, kuna sauti inataja majina ya watu. Jina la tatu nalijua.

– Jina la nani?

– Siwezi kulitaja hadharani. Nina watoto.

– Ninyi wote mnatwanga maji, alisema Askofu. Kaburi ni shimo la mgodi. "Lala humohumo" ni kuwaita waliofia chini ya ardhi. Wimbo ulitoka lini?

– Mwezi wa nne.

– Na shaba ilianza kushuka lini?

Kamati alihesabu miezi kwa vidole.

– We Askofu! Unataka kusema gitaa la Chilufya limeshusha shaba ya dunia nzima?

– Sijasema. Umesema wewe. Mimi nimeuliza tarehe.

– Shaba ilianza kushuka mwaka jana, alisema Jere kwa uchovu.

– Basi walikuwa wanafanya mazoezi!

Jere aliangalia munkoyo wake. Mara ngapi amewaeleza watu hawa kwamba hajakasirika? Askofu mwenyewe ni Mbemba, na mwezi wa pili tu alimwita mla panya mbele ya mkwewe, wakacheka mpaka wakapaliwa. Tangu redio inyamaze, hata Askofu anamwita mzee, kwa sauti ile ya wodini. Jere hakuipenda sauti hiyo. Ilikuwa inamzeesha.

Ndipo gari dogo jeupe likasimama kando ya bomba la maji. Alishuka mtu aliyevaa suti ya rangi ya udongo, Bwana Mubita, wa kampuni iliyotoa santuri, na nyuma yake Chilufya, nywele zake kubwa zimechanwa kwa adabu, kuku kwapani. Kuku alikuwa amefungwa miguu. Jere alipomwona kuku akajua kinachokuja.

– Mzee, alisema Mubita, nisikuchoshe. Redio wanasema hivi: kijana amwombe radhi mzee aliyetukanwa, mzee asamehe mbele ya mashahidi. Nikirudi na neno hilo, wimbo unapigwa Jumapili ijayo.

– Radhi? Jere alicheka kwa nguvu kuliko alivyotaka. Huyu mla kima? Tangu lini kima akaomba radhi? Mwambie arudi mtini kwake, na huyo kuku amwache hapa, ni faini ya kunichelewesha kunywa!

Midomo ya Chilufya ilitaka kucheka. Ilianza kabisa. Mubita akainua mkono.

– Mzee, nakuelewa. Hata sisi kwetu Barotse tuna watani. Lakini nikiyapeleka haya, watasema ugomvi umekuwa mkubwa zaidi. Kule hawana muda wa kufundishwa.

– Basi waje wao hapa niwafundishe.

– Hawatakuja.

Jere akamgeukia kijana.

– Na wewe? Baba yako alikuwa mtu wa kelele. Umemezwa na nini?

Chilufya alitazama viatu vyake.

– Mpiga ngoma wetu ameshajiandikisha mgodini. Anashuka mwezi ujao. Wa besi anamfuata. Wimbo usipopigwa, hakuna bendi. Hakuna cha kungoja tena.

Hakusema mla panya. Jere aliyangojea maneno hayo mawili, akampa kijana nafasi, akakohoa, akanywa funda moja taratibu. Hayakuja.

Hapo ndipo uchovu wote wa wiki hizo ulipomwelemea. Mtani haombi radhi, na mtani hasamehe, kwa sababu ukisamehe umekubali kwamba kosa lilikuwepo. Akisema neno hilo, basi ile siku ya kaburini, kicheko kile chote, kitakuwa ni matusi yaliyokuja kusuluhishwa. Asiposema, watoto wa watu watashuka chini ya ardhi, na yeye alikuwa ameendesha winchi miaka mingi mno asijue huko chini kukoje. Alimlilia Kapambwe moyoni. Huyu mpumbavu angekuwepo angepata la kusema.

– Haya, alisema. Omba.

Chilufya akachuchumaa, akapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimepinda, kama mtu anavyomwamkia chifu.

– Naomba radhi. Nilikosa.

– Nimesamehe.

– Mashahidi mmesikia? aliuliza Mubita.

– Tumesikia, alijibu Kamati, na tawi limenukuu.

– Asante, mzee, alisema Chilufya.

– Inuka, mla kima.

– Ndiyo, mzee.

Akainuka, akamkabidhi kuku kwa mikono miwili, akarudi garini. Hakugeuka nyuma. Jere alibaki na kuku mapajani, hajui amshikeje.

Kweli, Jumapili iliyofuata wimbo ulirudi. Waya alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho. Gitaa lilipoanza kukwaruza, watoto wa kota nzima walitoka mbio, BanaKasonde akapiga kigelegele na kata ya munkoyo mkononi, na Askofu akacheza huku amekaa, mabega tu. Hata Jere mguu wake ulianza kugonga chini. Alikuwa anaungojea mstari wake. Alijiambia kwamba redio haijui radhi wala kuku, itamtukana vilevile, na yeye atasikia vizuri.

Sauti ya Chilufya ilipofika "We mla...", Kamati akamgusa Waya begani. Waya akashusha sauti hadi ikabaki kama nzi ndani ya chupa.

– Ongeza! alisema Jere.

– Hapana, mzee. Sisi hatuna ukatili huo.

– Nasema ongeza, niusikie!

– Wewe umesamehe, mzee, ni moyo wako mkubwa. Lakini na sisi tuna heshima zetu.

Askofu aliinamisha kichwa, kabisa kama yuko ibadani. Watoto walioacha kucheza walisimama barabarani wakiwaangalia wazee.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja na jagi lake, mke wa fundi mpya aliyehamia nyumba ya kona, mgeni bado anayesalimia kila mtu. Alikuwa ameingia kwa mwendo wa kucheza. Akasimama katikati ya hatua.

– Jamani, mbona mmepunguza palipo patamu?

– Kwa ajili ya mzee, alisema Kamati kwa sauti ya chini, akimwonyesha Jere kwa kidevu.

Mwanamke alimtazama Jere, akawatazama wengine.

– Kwani mzee alifanyiwa nini?

Kamati akarekebisha kola yake. Akamtazama Waya. Waya akaanza kufuta vumbi kwenye redio kwa kiganja. Askofu, ambaye ana jibu la kila kitu hadi bei ya shaba, alichungulia kikombe chake, akakuta hakina kitu, akaendelea kuchungulia.

Na Jere, akiwa ameweka mikono juu ya magoti, alikaa akingoja mmoja wao amjibu yule mama, kwa sababu hata yeye alitaka kujua.