Aliyetunza Chanjo za Baraka: Maisha ya Marehemu Darius Etabo Wilondja, 1955–2003

Ndugu wapendwa, wachungaji, wauguzi wenzake na majirani wa Baraka, familia imenituma mimi, Marthe, mdogo wake wa pekee aliye upande huu wa ziwa, niwasomee maisha ya yaya yetu, kaka yetu mkubwa. Nimeandika yale niliyoyaona na yale aliyonieleza mwenyewe.

Marehemu Darius Etabo Wilondja alizaliwa Lubondja tarehe 9 Juni 1955, mtoto wa pili wa baba Nicolas Wilondja na mama Anastasie Nabyola, wakulima wa mihogo na maharage. Mama alisema alikuwa mtoto asiyelala bila kuhesabu mbuzi wote zizini, halafu anaamka kuwahesabu tena.

Alianza shule ya msingi Lubondja mwaka 1962. Vita vya mwaka 1964 vilifunga shule, familia ikaishi porini, naye hakurudi darasani hadi 1967, akiwa mrefu kuliko mwalimu wake. Aliendelea na masomo Fizi-Centre, kisha akapelekwa Uvira kusomea uuguzi, akapata cheti mwezi wa Julai 1978.

Kazi aliianza Fizi tarehe 3 Januari 1979. Mwaka 1986 alihamishiwa hapa Baraka, akakabidhiwa chanjo za watoto pamoja na frigo, jokofu linalotumia petroli, yaani mafuta ya taa. Wengi wenu mnaifahamu ile frigo nyeupe ya kituo cha afya. Chini yake kuna taa yenye utambi, na ule moto mdogo ndio unaoleta baridi. Utambi ukichafuka, moto unatoa moshi na baridi inapungua. Chanjo zikipata joto, zinageuka maji tu, na kwa macho huwezi kuona tofauti.

Mwaka 1990, Yaya alikwenda Lubondja kula Pasaka na wazazi. Aliporudi Jumanne asubuhi alikuta moto umezimika na termometa inaonyesha digrii ishirini na tatu. Chanjo zote zilitupwa, na nyingine zilifika baada ya wiki saba. Wakubwa wake hawakumwadhibu. Yeye ndiye hakujisamehe. Tangu siku hiyo hakuweza kula asubuhi. Akishafungua mlango wa kituo aliizunguka ile frigo mara kumi, ishirini, bila kufanya lolote. Aliandika barua ya kuacha kazi.

Barua hiyo aliipokea mama Émilienne, mkunga mzee wa kituo, ambaye naye ametangulia. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa blauzi yake ya kazi.

"Darius," akamwambia, "ile hofu yako unaitembeza bure. Uipatie kazi. Ikikukamata, tafuta kitu moya yenye mikono yako inaweza kufanya. Ufanye ile. Kisha utafute ingine."

"Na isipoisha, mama?"

"Haitaisha. Lakini kazi itakuwa imefanyika."

Alimtii. Hofu ilipomshika alikata utambi. Ikirudi, alichuja petroli kwa kitambaa. Ikirudi tena, alichukua daftari na kwenda nyumba kwa nyumba kuandika watoto, jina kwa jina, nani amechanjwa na nani bado. Hofu yake ilirudi kila siku, basi kufikia mwaka 1996 daftari zilikuwa sita, na hakuna mtoto wa Baraka ambaye jina lake halikuwamo.

Tarehe 14 Agosti 1982 alikuwa amefunga ndoa kanisani na Pulchérie Furaha, binti wa wavuvi wa hapa Baraka. Mungu aliwapa watoto wanne: Fabien, Fanny, Willy na Ketsia. Pulchérie alikuwa mtu wa kucheka. Akimwona mumewe amekaa kimya mezani alimuuliza, "Iko digrii ngapi leo, papa?" na Yaya alicheka hata siku ambazo hakutaka.

Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vilifika. Pulchérie na watoto walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Yaya aliwasindikiza hadi ufukweni, akawaambia atawafuata petroli ikiisha. Petroli iliisha, akapata nyingine. Kisha vita vya pili vikaanza mwaka 1998, na njia ya ziwa ikawa ya kufa na kupona. Hakuwaona tena. Barua zilifika mbili kwa mwaka, mwaka mwingine moja.

Aliishi peke yake miaka sita na miezi minne. Alipika bugali ya mtu mmoja, akabeba sahani na kwenda kula kituoni, karibu na frigo. Nilimuuliza kwa nini asile nyumbani. Alijibu kwamba kule kituoni walau kuna kitu kinachopumua. Kulikuwa na miezi ambayo chanjo hazikuletwa na moto ulizimwa. Hata hivyo asubuhi alinyoa ndevu, akavaa blauzi yake nyeupe ya uuguzi, akafungua mlango, akaketi. Wagonjwa walikuwa wamekimbia. Hofu ndiyo ilimtembelea, naye aliipokea na kuipa kazi.

Mwezi wa Agosti 2000 surua iliingia Lubondja. Yaya alikuwa amepata chanjo kutoka Uvira, lakini barabara ilifungwa na watu wenye silaha, akafika akiwa amechelewa wiki moja. Walikuwa wamezika watoto kumi na mmoja, watatu kati yao wa ukoo wetu. Alichanja waliobaki, akarudi Baraka. Kisha akasikia kwamba surua imeonekana Bibokoboko, juu milimani, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Mnajua jinsi mambo yalivyokuwa kati yetu na wao wakati ule, na bado hayajapona. Wenzake walikataa kupanda. Yeye alinieleza kwamba alitetemeka sana hata hakuweza kufunga kifuniko cha sanduku la barafu. Basi akafanya kitu kimoja: akahesabu chupa. Kisha kingine: akapanga barafu. Alipomaliza kupanga, akaona hakuna kilichobaki isipokuwa kwenda.

Alifika Bibokoboko Jumanne tarehe 12 Septemba. Pasta Semutobo alimpokea, akaiangalia mikono yake.

"Munganga, unatetemeka. Unatuogopa?"

"Hapana, pasta. Niko naogopa jua. Sanduku ikipata moto, nitakuwa nimebeba maji ya bure."

Pasta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawaita bamama. Mama mmoja, Nyiransabimana, alivua kitenge chake cha juu akakishika na wenzake juu ya sanduku, wakasimama hivyo kutwa nzima, wakipokezana, kwa zaidi ya watoto mia mbili. Mtoto wake mwenyewe, Mpano, alilia akitaka kubebwa, naye akamwambia angoje, kivuli cha dawa kisiondoke. Kisa hicho Yaya alikipenda. Ndicho pekee nilichomsikia akikisimulia mara mbili.

Siku mbili baada ya kurudi, watu wenye silaha walimchukua kituoni.

"Dawa yetu unapelekea baadui?"

Yaya aliwanyoshea daftari. "Hapa kuna majina ya batoto. Nionyesheni adui iko wapi."

Walimpiga, wakamfunga siku nne. Mwanamke mmoja aliyewapikia alinijia na ujumbe wake. Haukuwa wa chakula wala wa kumwombea msamaha. Ulikuwa huu: "Ambia Marthe aende kwa frigo."

Nilikwenda. Mimi ni mshonaji, sijui dawa. Lakini ukutani, nyuma ya mlango, nilikuta kurasa saba alizoandika kwa mkono wake, kwa sababu siku zote aliogopa kwamba atafungwa au atauawa na hakuna atakayejua la kufanya. Kila kitu kilikuwamo: utambi ukatwe vipi, moto uwe na rangi ya buluu, termometa isomwe asubuhi na jioni na kuandikwa. Siku nne nilifanya alivyoandika. Kulikuwa na chupa thelathini na nane ndani. Hazikuharibika.

Nilipokuwa nikiandika digrii, nilifunua karatasi za nyuma. Zina sehemu ya maoni, pa kuandika hitilafu. Hapo Yaya alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo: *Digrii 5. Leo Ketsia ametimiza miaka tisa. Digrii 4. Ndoto: Pulchérie anafua. Digrii 6. Willy atakuwa amebadilika sauti.* Miaka minne ya maoni kama hayo. Sikumwambia kamwe kwamba nilisoma.

Alipoachiliwa alikuja moja kwa moja kituoni, jicho moja limevimba, akainama kutazama moto kabla ya kunisalimu.

Tangu mwaka 2001 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumpungukia. Waganga walisema ni moyo. Aliendelea na kazi hadi tarehe 8 Februari mwaka huu, alipolazwa. Nililala naye hospitalini. Siku moja alisema, "Marthe, batu banasema mi niko mutu wa bidii. Haiko bidii. Ni kuogopa tu."

Nikamwambia, "Yaya, kama ni kuogopa, basi batoto ba hapa banaishi sababu ya kuogopa kwako."

Kisha akanikataza kumwandikia mkewe kwamba anaumwa. "Usimwandikie. Akijua, atavuka." Nilimtii, kwa kuwa nami niliogopa ziwa.

Aliaga dunia Jumatatu tarehe 10 Machi 2003, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Marehemu ameacha mdogo wake Marthe, na wapwa wawili. Amemwacha mjane wake, Pulchérie, na watoto wake Fabien, Fanny, Willy na Ketsia, wote wakiwa ng'ambo. Hawa watano hawajui. Barua nimeiandika jana, na itavuka Ijumaa, ziwa likikubali. Mpaka ifike, huko Nyarugusu yeye bado yuko kazini, na leo jioni wakisali, watamtaja kati ya walio hai.

Pumzika, Yaya. Mungu wa amani akupokee.