Sikio la Rebeka

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Kama ninasema kwa nguvu sana, munisamehe. Mi mwenyewe sauti yangu siisikii vizuri.

Nilizaliwa Lubondja. Nikiwa mutoto mudogo, masikio yangu yalianza kutoka usaha. Mama alikamulia majani ndani, kisha akarudi kwa shamba la pamba. Bote balisema ni ugonjwa wa batoto, utaisha wenyewe. Usaha uliisha kweli, na kusikia kukaisha pia.

Hakuna mwenye alijua. Mama ananituma maji, mi nakaa tu. Ananipiga, anawaza namudharau. Kwa école mwalimu akiniuliza hiki, najibu kile, batoto banacheka. Mwisho alimwambia baba, "Huyu kichwa yake iko nguvu. Arudi kulima." Nikarudi. Mupaka leo siwezi kusoma hata jina langu. Nilikua nikiamini mi ni mupumbavu, na nilimukasirikia Mungu aliyeniumba hivi.

Niliolewa Lweba. Binti yetu Rebeka alipoanza kutoka usaha sikioni, mama mukwe alisema, "Acha, itaisha." Nikakumbuka masikio yangu, nikaanza kulia. Jirani yetu Mama Eliza, muombaji wa kanisa hili, aliona machozi, akasogea karibu na uso wangu.

"Beba mutoto," akasema. "Twende kwa dispanseri ya Baraka leo. Tutaomba tukiwa njiani."

Muganga wa kule alisafisha sikio la Rebeka, akatupa dawa, na tulirudi kwake mupaka likakauka. Kisha akaangalia masikio yangu.

"Mama, wewe ungeletwa ukiwa kama huyu, ungesikia. Sasa tumechelewa."

Ndugu zangu, siku ile ndipo nilijua sikuwa mupumbavu. Lakini mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Alikufa akiwaza alizaa mutoto mukaidi, na sikupata nafasi ya kumwambia ni masikio tu. Hiyo inaniuma hata sasa. Bwana aliniondolea hasira. Huzuni ameniachia kidogo.

Rebeka leo iko kwa école Fizi. Akirudi likizo ananisomea Neno karibu kabisa na sikio. Mengi yananipita. Namushukuru Bwana kwa yale yanayoingia.

Bamama, mwenye kuwa na mutoto anayetoka usaha, asingoje uishe wenyewe. Mutumaini Bwana, na mumubebe mutoto. Kama unaogopa kwenda peke yako, ukuje unigonge begani. Nitakusindikiza.