Moffat Wamae Theuri, Aliyeupa Mji Mama wa Kuni

Jumanne tarehe 9 Oktoba 1973, saa nne asubuhi, baraza la mji wa Nyeri lilipokea kutoka kwa Moffat Wamae Theuri zawadi ya sanamu ya jiwe, urefu futi tano na nusu, ya mwanamke aliyebeba kuni. Kumbukumbu za mkutano zinalitaja jambo hilo kwa mstari mmoja. Wamae alikuwa ameusubiri mstari huo miaka miwili.

Alizaliwa Gatitu tarehe 3 Juni 1931, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Theuri na marehemu Mama Ngendo. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1945 baba yake alipougua. Mwalimu aliandika katika ripoti yake ya mwisho kwamba ana mkono mzuri na hana haraka.

Mwaka 1947 alianza kazi ya kuchonga mawe ya ujenzi katika timbo karibu na Ruring'u. Wengi waliokusanyika hapa kumzika wanaishi ndani ya kuta za mawe aliyoyachonga. Sanamu alijifunza peke yake, Jumapili baada ya ibada.

Mwaka 1971 aliiandikia barua ofisi ya baraza, akitaka kuupa mji sanamu yake ya kwanza. Bwana Masinde, karani wa ujenzi, aliipenda, lakini alimweleza wazi kwamba hajui ipokelewe vipi. Madiwani waliuliza huyo mwanamke ni nani, na ni nani atakayejibu ikimwangukia mtu. Wamae alijibu kwamba ni mama yeyote aliyeleta kuni mjini, na kwamba msingi atachimba mwenyewe. Suala liliahirishwa mara nne. Mwishowe Masinde alishauri akina mama wa soko waitwe waitazame. Wakiikubali, baraza nalo litaikubali.

Waliizunguka. Kisha Wachuka, muuzaji wa viazi kutoka Skuta, akauliza, "Huyu mama amebeba kuni, ama anaenda kupigwa picha?"

Wenzake walicheka. Wamae hakucheka, aliuliza kosa liko wapi. Wachuka alimwonyesha: shingo imenyooka, macho yanatazama mbele, mikono inaning'inia. Mzigo wa kuni huvutwa na mkanda wa ngozi uliopita juu ya kichwa, humwinamisha mtu, na mikono hushika mkanda kando ya masikio.

"Kwani wewe hujawahi kubeba?"

Hakuwa amewahi. Wanaume wa rika lake hawakubeba kuni kwa mkanda. Kesho yake Wachuka alimfunga mzigo, naye akatembea nao kutoka sokoni hadi Ruring'u, watu wakitoka madukani kumtazama. Alipoutua alisema ameelewa. Alirudi timboni, akachagua jiwe jingine, akachonga miezi saba. Akina mama waliitwa tena. Wachuka aligusa mkanda wa jiwe, akasema, "Huyu sasa amechoka vizuri." Wiki iliyofuata baraza liliipokea.

Wamae na Wachuka walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Aprili 1974. Mungu aliwajalia Ngendo, Theuri na Wakonyo.

Mwaka 1983 kifua kilianza kumsumbua, kwa sababu ya vumbi la mawe. Kila mwezi aliiosha sanamu ya mjini kwa mkono wake, hadi nguvu zilipomwisha. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Machi 1986, akiwa nyumbani, aliuliza kama mwezi huu imeoshwa. Binti yake Ngendo alimwambia ameiosha. Alisema vyema, akalala, na hakuamka.

Ameacha mjane, Mama Wachuka, watoto watatu, na dada yake Kabura. Bwana ampe pumziko alilolifanyia kazi.

Sanamu ya kwanza imesimama langoni kwake miaka yote hii, kuku wakilala juu ya kuni zake. Juzi Bwana Masinde alikuja kuiomba kwa niaba ya baraza. Mama Wachuka alimjibu, "Hiyo ina makosa, na ni yangu."

Baada ya maombi, wanaume wanane wataiinua kutoka langoni na kuisimamisha kichwani mwa kaburi, ikitazama mbele.